Paka akishafungwa kizazi: sindano moja, matone ya nyumbani au dawa ya shavuni?

Watu wa Lamu wakipeleka paka kufungwa kizazi huuliza bei, huuliza nyuzi zitatolewa lini, huuliza kama paka atanenepa. La maumivu huja jioni, paka akisharudishwa na kujibanza uvunguni mwa kitanda, na hapo ndipo mwenye paka anapoanza kupekua droo ya dawa. Kuchelewa huko kunaweza kumuua paka, kwa kuwa kilichomo kwenye droo ni Panadol.

Basi ulinganisho huu ni wa kusoma kabla ya siku ya upasuaji. Dawa zenyewe si nyingi na daktari wa mifugo ndiye atakayeziandika, lakini ukienda unajua tofauti zake utauliza maswali ya maana. Mimi sichagui kwa ukali wa dawa. Nauliza kwanza: kesho asubuhi, nani atamshika huyu paka akamfungua mdomo? Paka wa ndani aliyezoea kubebwa na watoto ana njia tatu au nne za kutulizwa maumivu. Paka anayeshinda juu ya paa la makuti na kushuka wakati wa kula tu ana njia moja, na njia hiyo inaisha siku anayotoka mikononi mwa daktari.

Anaumwa kiasi gani

Kumfunga kizazi jike si sawa na kumhasi dume. Tumbo hupasuliwa, ovari huvutwa nje na kukatwa, mara nyingi pamoja na mji wa mimba, kisha misuli na ngozi hushonwa. Mchanganyiko wa ketamini na zailazini, unaotumika sana kumlaza paka, hupunguza maumivu wakati wa kisu na kitambo kidogo baadaye, halafu huisha. Akirudi nyumbani amelegea na kimya, huo ni usingizi wa dawa. Maumivu yenyewe hujitokeza usingizi ukiondoka, na saa ishirini na nne za kwanza ndizo nzito zaidi.

Jambo jingine linalochanganya watu: sindano ya antibayotiki haizuii maumivu. Ukiambiwa "ameshachomwa sindano", uliza sindano ya nini. Nimesikia mara nyingi mtu akiapa kuwa paka wake alipewa dawa ya maumivu, kumbe alichopewa ni penisilini.

Paka naye halalamiki. Hujikunja, hujificha, huacha kujilamba manyoya. Hata kukoroma kwake kwa raha si ushahidi, maana paka anayeumwa pia hukoroma vivyo hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walitoa mwaka 2019 kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa paka, na sasa kipo hata kama programu ya simu. Unatazama mambo matano: masikio yamesimama au yamegeukia nje, macho yako wazi au yamefinywa, mdomo na pua ni mviringo au vimekazana, sharubu zimelegea au zimenyooka kama zimevutwa, na kichwa kiko juu ya mabega au kimeinama chini yake. Kila kimoja hupewa 0, 1 au 2. Jumla ikifika 4 kati ya 10, paka anahitaji dawa ya maumivu. Mtazame akiwa macho na ametulia, si akiwa amelala, anakula au anajilamba. Ukimpiga picha kabla ya upasuaji, akiwa mzima pale darini au barazani, utakuwa na uso wa kulinganisha nao.

Meloksikamu: sindano peke yake, au sindano na matone

Hii ni jamii moja na Brufen: hukata uvimbe, homa na maumivu yanayotokana na uvimbe. Tofauti ni kwamba ipo iliyotengenezwa na kupimwa kwa ajili ya paka. Sindano moja chini ya ngozi hufanya kazi kwa karibu siku nzima, na ndiyo faida yake kubwa. Madaktari wengine huichoma kabla ya kisu ili uvimbe usipate nafasi ya kupanda. Wengine husubiri paka azinduke, kwa kuhofia kuwa shinikizo la damu likishuka wakati wa nusukaputi figo zitaumia. Kila upande una hoja yake. Cha kwako ni kujua imechomwa saa ngapi, kwa sababu matone ya nyumbani huanza kuhesabiwa kuanzia hapo.

Je, umpe matone au uishie kwenye sindano? Hapa hata nchi kubwa hazikubaliani. Marekani imeidhinisha sindano moja tu kwa paka, na tangu 2010 chupa zake zina onyo kali kwamba kurudiarudia dozi kumeharibu figo na kuua paka. Ulaya inaruhusu sindano, kisha matone kidogo mara moja kwa siku kwa siku chache. Mimi naona Ulaya ina haki kwa paka kijana, mzima, anayekula na kunywa, ambaye mtu anayemfuga anajua kupima dawa. Kwa paka mwingine yeyote nashika ya Marekani.

Nasema anajua kupima, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipo. Matone ya paka yana miligramu 0.5 kwa kila mililita. Dozi ya nyumbani inayotumika Ulaya ni miligramu 0.05 kwa kilo kwa siku. Paka wetu wa Amu ni wembamba. Tuseme ana kilo 3. Hesabu inakuja miligramu 0.15, yaani mililita 0.3, kipande kidogo tu cha bomba la sindano la mililita 1. Sasa chupa ya mbwa ina miligramu 1.5 kwa mililita. Sura ya chupa ni ileile, jina ni lilelile, na ukivuta 0.3 kutoka humo umempa mara tatu. Na kidonge cha binadamu, kile wanachomeza wazee wa magoti, kina miligramu 7.5: kidonge kimoja ni dozi za siku hamsini za paka huyo. Hakuna kisu cha jikoni kitakachokikata kidonge vipande hamsini, kwa hiyo usijaribu.

Ukipewa bomba la insulini, kumbuka limeandikwa kwa yuniti: kwenye bomba la U-100, yuniti 100 ndiyo mililita 1, kwa hiyo 0.3 ni yuniti 30. Liwe halina sindano. Vuta, futa tone la nje, mtilie pembeni mwa mdomo baada ya kula, usimmwagie kooni. Na usikisie uzito. Mtie paka kwenye kikapu chenye mfuniko, mning'inize kwenye mizani ya samaki, kisha utoe uzito wa kikapu. Muuza samaki atacheka, lakini mizani yake ni sahihi kuliko jicho lako.

Sharti la matone ni maji na chakula. Dawa za jamii hii hupunguza damu inayofika kwenye figo, na paka aliyekauka maji ndiye anayeumia. Wakati wa kaskazi, joto limepanda na paka halali ndani ila hulala kwenye sakafu ya baridi huku akihema, hilo si jambo la kubuni. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi kiasi kwamba paka huyanusa na kuondoka. Mwekee ya kunywa mnayokunywa wenyewe. Supu ya samaki ni nzuri, ila ichemshwe bila chumvi na bila kitunguu, kwa kuwa kitunguu na thomu huharibu damu ya paka. Siku asipokula, au akitapika, au kinyesi kikiwa cheusi, matone hayatolewi na unampigia daktari. Vilevile, paka aliyechomwa deksamethasoni au dawa nyingine ya jamii ya steroidi kwa sababu yoyote asipewe meloksikamu juu yake: tumbo litachubuka vidonda.

Kuna ndugu yake, robenakoksibu, kidonge cha miligramu 6 cha paka. Haina hesabu ya matone, hutolewa mara moja kwa siku kwa siku tatu, na ni ya paka wa kuanzia kilo 2.5 na umri wa miezi minne. Kwa nyumba yenye mikono inayotetemeka ningeipendelea kuliko chupa. Mambo ya figo ni yaleyale.

Buprenofini: ya shavuni

Hii ni jamii ya afyuni, nayo haifanani na meloksikamu kwa lolote. Haigusi uvimbe, hufunga njia ya maumivu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Haiumizi figo. Kwa paka mzee, paka mwenye figo mbovu au aliyefika kliniki amekauka, ndiyo chaguo langu la kwanza bila kusitasita.

Nayo hutolewa kwa namna ya pekee. Mate ya paka hayana asidi, kwa hiyo dawa hupenya kwenye utando wa shavu na kuingia damuni moja kwa moja. Ikimezwa, ini huisaga kabla haijafanya kazi. Basi huvutwa kidogo sana kwenye bomba, hutiwa kati ya shavu na fizi, na paka hufungwa mdomo kwa upole kitambo kidogo. Ni rahisi kuliko kidonge. Ubaya wake ni muda: hudumu saa sita hadi nane, kwa hiyo utamshika paka mara tatu au nne kwa siku, pamoja na alfajiri.

Usishtuke kwa atakayoyafanya. Mboni za macho hupanuka mpaka jicho likawa jeusi tii, na paka ambaye jana alikuwa mkali anajisugua kwenye mguu wa kiti na kukandakanda mkeka kama mtoto wa paka anayenyonya. Nimeona paka mmoja wa mtaa wa Langoni akikandakanda jamvi usiku kucha huku akikoroma, na wenyewe wakidhani amerukwa na akili. Ni dawa. Mweke mbali na jua kali, kwa kuwa macho yamefunguka mno, na usimwache apande darini.

Haiuzwi dukani. Dawa hiyohiyo hutumika duniani kutibu waliozoea heroini, na pwani yetu inajua vizuri kwa nini hufungiwa kabatini. Kwa hiyo ukiitaka, iulizie kabla ya siku yenyewe, wala usitarajie kupewa chupa nzima. Ukipewa, ni mabomba machache yaliyokwisha pimwa, na yale yanayobaki hurudishwa.

Ipo pia ya kupakwa kwenye ngozi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ambayo daktari humpaka mara moja nayo hudumu siku nne. Kwa paka asiyeshikika hiyo ingekuwa dawa kweli.

Gabapentini

Watu huisifu kupita kiasi. Peke yake haitoshi kwa tumbo lililopasuliwa, ni msaidizi. Kazi yake nzuri naiona kwingine, kwenye safari. Paka wa Shela anayeletwa mjini kwa boti, au anayevushwa kutoka Mokowe, hufika kliniki moyo ukimwenda mbio, na paka aliyefika na hofu huhitaji dawa nyingi kulala na huamka vibaya. Kapsuli iliyopimwa na daktari, ikifunguliwa na kuchanganywa na kipande cha dagaa saa mbili kabla ya kuondoka, humtuliza. Atayumba kama mlevi kwa saa kadhaa. Epuka ya maji ya binadamu, kwani nyingine ina kitamu cha zailitoli, na kama nyumbani kuna mbwa atakayelamba kijiko, zailitoli inaweza kumuua.

Tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, nimeiacha makusudi. Ni chungu kiasi kwamba paka hutoa povu mdomoni dakika nzima, na baada ya hapo hakukaribii tena.

Ganzi, ambayo haiulizwi

Kama utauliza jambo moja tu kabla ya upasuaji, uliza hili: je, atatiwa ganzi mahali pa kisu? Lidokeini au bupivakeini, ikichomwa kwenye ngozi ya mshono na kumiminwa mahali ovari zilipokatwa, huzuia maumivu pale pale yanapozaliwa. Lidokeini hudumu saa moja au mbili, bupivakeini saa nne na zaidi. Haihitaji mtu wa kumshika paka kesho. Lazima ipimwe kwa uzito, kwa kuwa ganzi ikizidi humdhuru paka upesi kuliko mbwa, ila kwa daktari hiyo ni hesabu ya kila siku. Ganzi pamoja na sindano ya meloksikamu, kila moja ikishika upande wake, humpa paka usiku wa kwanza ulio bora kuliko dawa yoyote moja iliyoongezwa dozi.

Vya kuacha kabatini

Parasetamoli, yaani Panadol, kwanza. Ini la paka limepungukiwa na kimeng'enya ambacho sisi tunakitumia kuiyeyusha na kuitoa. Inabadilika kuwa sumu, sumu inaharibu damu, damu haibebi tena hewa: fizi hugeuka rangi ya kahawa, uso na nyayo huvimba, paka hutweta. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Nusu pia. Hata "kipande kidogo tu" kina hatari yake. Ikishatolewa, usingojee dalili; mkimbize, kwa sababu dawa ya kuizuia ipo na hufaa ikiwahi.

Upungufu huohuo wa ini ndio unaofanya mambo mengine ya kawaida ya pwani yawe sumu kwake. Mafuta ya karafuu, tunayoweka kwenye jino linalouma, usimpake. Dettol usimuoshee mshono, ataulamba. Mshono mkavu hauhitaji kuoshwa kabisa. Manjano na asali sina ugomvi navyo kama tiba ya watu, lakini vyote viwili vitamfanya paka alambe jeraha, na ulimi wa paka una miiba.

Brufen na diklofenaki huua figo zake. Aspirini hukaa mwilini mwake kwa siku kadhaa, kwa hiyo dozi ya pili humkuta na ya kwanza. Na kwa kuwa nyumba nyingi za hapa zina punda: Kliniki ya Punda imekuwa ukingoni mwa bahari tangu 1987 na watu wamezoea dawa zake, basi fenilibutazoni iliyobaki baada ya kutibiwa punda aliyechechemea isifike kwa paka hata kwa tone. Punda huivunja dawa hiyo haraka mno. Paka hawezi.

Ningechagua ipi

Paka wa mwaka mmoja, wa ndani, anayekula mkononi: ganzi, sindano ya meloksikamu, kisha matone ya siku mbili au tatu kama uso wake bado unafika 4. Akishakula na kujinyoosha kesho yake, sioni sababu ya kumaliza chupa.

Paka wa miaka kumi na zaidi, au anayekunywa maji sana na kukonda: ganzi na buprenofini, na ikiwezekana alale kliniki usiku mmoja. Watu huona kumlaza huko ni gharama ya bure. Kwa paka huyu si bure.

Aliyetoka kuzaa au mwenye maziwa: mwambie daktari kabla. Dawa zilizo nyingi hazikupimwa kwa paka anayenyonyesha, naye ataamua kama ni bora kungoja.

Mkali wa nyumbani, anayeng'ata akishikwa: gabapentini kabla ya safari, ganzi na sindano akiwa amelala, na baada ya hapo umwache. Kumkimbiza chumba kizima ili umtie mililita 0.3 kutamfungua mshono.

Wa mtaani ndiye wa mwisho, na ndiye walio wengi, wale wa sokoni na wa pale samaki wanaposhushwa. Huyu hukamatwa, hukatwa, hutiwa alama sikioni na kuachiwa, mara nyingi siku ya pili. Kwake kila kitu kifanyike akiwa mezani: ganzi, sindano inayodumu, mshono mdogo wa nyuzi zinazoyeyuka. Aachiwe akishaweza kuruka na kula, asubuhi, mahali alipokamatwa, si jioni mbwa wakianza kuzunguka. Kuna wenye huruma ambao baadaye hutia matone kwenye samaki na kumwekea kichochoroni. Wasifanye hivyo. Samaki yule atamfikia paka wa kwanza kupita, naye huenda ni mzee mwenye figo mbovu au mwenye mimba, na yule aliyeshonwa bado yuko juu ya ukuta anawatazama.